Wageni Walioletwa na Dada

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nyumbani kwetu, mkono ukutani, nagonga, na upande wa pili kimya. Wengi mmeniuliza kama jirani yangu amekufa. Hajafa. Ni mzima wa afya, na ulimi wake ni mzima zaidi, kama mtakavyoona.

Kwa anayenifahamu leo tu: mimi ni mwongoza watalii. Nyumbani wananiita Kasuku, na sijawahi kukasirika, maana mdomo ndio unaonilisha. Kampuni iliyoniajiri ilinifukuza kwa fitina za mwenzangu, hayo nimeshayalia kwenye ukurasa huu na sitayarudia.

Aliyeniokoa ni Dada. Dada wa tumbo moja, si dada wa mtaani.

"Kwani lazima uajiriwe?" aliniambia siku ile nikiwa nimejikunja kitandani. "Mtaa ni wetu, nyumba ni yetu. Watembeze mwenyewe. Wageni nitakutafutia mimi."

Akanitafutia kweli. Nilimwombea dua kila nilipoamka.

Mtaa wetu ni wa zile nyumba za karne ya kumi na tisa, ghorofa tatu, nyembamba, zimeshikana bega kwa bega kutoka kona moja mpaka nyingine. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ziara yangu huanzia kwenye kona, inapita kwenye vibaraza vya chuma na milango mirefu yenye kioo cha nusu duara juu yake, na inaishia kwetu. Mama anakaa chumba cha mbele cha chini, kwa sababu magoti yake yaligoma ngazi zamani. Mimi nakaa juu. Hatuna nyumba nyingine mahali popote.

Nikishawapandisha wageni ghorofa ya kati, huwa nagonga ukuta. Upande wa pili Bi Cherehani, mshonaji, hugonga kwa mpini wa mkasi. Bibi yangu alisalimiana hivyo na bibi aliyekaa upande ule, kabla simu haijaingia mtaani. Wageni hucheka, wengine hugonga wenyewe, na Bi Cherehani huwajibu wote bila kuchoka.

Siku ile hakujibu.

"Labda ametoka," nikasema.

Wageni wangu walikuwa watatu. Mmoja mwanaume wa makamo mwenye kofia ya majani, ambaye hapa tutamwita Kofia. Mmoja mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Wa tatu kijana mrefu asiyesema neno, ila ana kifaa kidogo kinachotoa nukta nyekundu ukutani. Nilidhani ni kamera ya kisasa. Nikawa natabasamu kila nukta inaponipitia.

Walikuwa wamekuja kwa mara ya pili. Nami, mjinga wa watu, nikajisifu kwamba wamependa simulizi zangu.

"Huu ukuta unabeba paa?" Kofia aliuliza.

"Unabeba paa letu na la jirani. Ukiugusa huu umegusa nyumba mbili."

"Na chini kuna unyevu?"

"Unyevu utoke wapi? Nyumba hii ni kavu kama biskuti."

"Ngazi je? Ni za mbao zile zile za mwanzo?"

"Zile zile! Panda uone. Hata msumari haujalegea. Mtu akinunua nyumba mpya leo, baada ya mwaka mlango haufungi. Hii, weka familia ndani, funga mlango, sahau."

Mwanamke wa miwani akaandika. Nikaongeza sauti ili asipitwe.

Msomaji wangu, usinicheke bado. Kazi yetu ina mwiko mmoja: mgeni ndiye anayeuliza, mwongozaji anajibu. Humuulizi mgeni anafanya kazi gani nyumbani kwake, wala kilichomleta. Amekuja kupumzika kutokana na maswali ya watu, wewe usimwongezee. Niliufuata mwiko huo kama mtoto wa shule anavyofuata kengele.

Tuliposhuka, nilisikia kelele nje. Mlangoni kwa Bi Cherehani kulikuwa na gari la mizigo, na wanaume wawili walikuwa wanapakia cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa mguu. Yeye mwenyewe alikaa kwenye ngazi ya mawe, amekumbatia sanduku la vitambaa.

"Bi Cherehani! Unahama? Hata kuniaga?"

Alinitazama kuanzia viatuni.

"Kukuaga wewe? Nikuage nikushukuru, siyo?"

"Nimekosa nini?"

"Binti, usinichezee. Mwenye nyumba wangu ameshauza. Nimepewa muda wa kukusanya sindano zangu tu. Na unajua wanunuzi waliletwa na nani?"

"Na nani?"

"Na wewe!"

Nilicheka. Kweli nilicheka, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa cha kuchekesha.

"Mimi naleta watalii, Bi Cherehani."

"Watalii wanaouliza bomba la maji taka linapita wapi? Nimekaa nyuma ya ukuta wako nakusikiliza. Haina unyevu, haina nyufa, weka familia ndani. Ukigonga, nakugongea, nadhani unafanya kazi yako. Kumbe unanadi safu nzima, na mimi mpumbavu nakuitikia!"

Niligeuka kuwatazama wageni wangu. Walikuwa wamesimama nyuma yangu, wamejipanga kama watu wanaopigwa picha ya harusi wasiyoipenda.

"Mwambieni," nikasema. "Mwambieni nyie ni watalii."

Kofia alivua kofia.

"Dada yako hakukwambia?"

"Dada yangu aliniambia nini?"

"Sisi tunanunua safu hii, nyumba moja baada ya nyingine. Itakuwa hoteli. Dada yako alisema atatupa mtu wa kutuonyesha nyumba, anayezijua ndani nje." Akakohoa kidogo. "Na kusema ukweli, sijawahi kuonyeshwa nyumba vizuri hivi. Mwenzangu hapa alikuwa na wasiwasi na mtaa wenyewe. Wewe ndiye uliyemshawishi."

Yule mwanamke wa miwani alitikisa kichwa kukubali. Alidhani ananisifu.

"Na wale wa wiki iliyopita?" niliuliza. "Wale wazee wenye fimbo?"

"Wahandisi wetu, kama huyu kijana anayepima kuta."

"Na yule mama aliyelia kwenye ngazi kwa furaha?"

"Huyo ni wa mapazia na samani. Huwa analia."

Bi Cherehani alisimama, akajipangusa gauni. Alinipita bila kunigusa, akapanda gari la mizigo mbele, kando ya dereva. Miaka yote ile, nimekunywa uji wake nikiwa na homa, ameshona sare zangu za shule, na hakugeuka hata kutazama.

Mdomo huponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza mtaa mzima.

Sikuwaaga wale watu. Nilikwenda moja kwa moja saluni kwa Dada.

Nilimkuta na mteja mmoja, mama mnene aliyekaa chini ya drayer ya kukaushia nywele, kichwa kizima kimemezwa, anasoma gazeti. Dada alikuwa anaosha vitana kwenye beseni. Aliponiona uso, akajua. Hakuacha kuosha.

"Wamekwambia."

"Kofia ameniambia. Nataka uniambie wewe."

"Kaa kwanza."

"Sikai! Dada, umenifanya dalali wa nyumba yetu bila mimi kujua?"

"Punguza sauti, nina mteja."

"Mteja wako yuko ndani ya drayer, hata ukipasua sahani hasikii."

Dada alipangusa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Yeye amekuwa hivyo tangu utotoni, ukimkuta ameshika kosa mkononi atakuuliza kwanza umekula.

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Ningekataa!"

"Ndiyo. Ungekataa. Na hata ungekubali, uso wako haujui kuficha. Ungesimama pale na kusema 'nyumba ni kavu' huku macho yanasema 'inavuja'. Nilihitaji mtu anayeipenda. Hakuna anayeuza kitu vizuri kama anayekipenda."

Alisema hivyo bila aibu, kama anayenieleza jinsi ya kusuka.

"Na wewe unapata nini?"

"Duka la kona. Saluni ya hoteli, vioo mpaka chini, maji ya moto saa zote. Unajua nimesimama kwenye hiki kibanda cha kupanga miaka mingapi? Miguu yangu imejaa mishipa kama ramani. Wewe una nyumba, una mama, una hadithi zako. Mimi niliolewa nikaachwa, nikakuta vyumba vyote vimeshachukuliwa."

"Ungesema!"

"Nilisema. Mkasema nijibane stoo."

Hilo lilikuwa kweli, na sitalificha. Lakini mtu aliyebanwa stoo anagomba, anavunja sahani, ananuna mwezi mzima. Hamchukui mdogo wake mikononi, akiwa analia, akamgeuza chambo.

Nilikuwa nimemwombea dua yule mwanamke. Nilimnunulia kitambaa cha shukrani. Alikuwa amekifunga kichwani siku ile ile.

"Vua hicho kitambaa," nikasema.

"Nini?"

"Hujasikia? Vua."

Akakivua, akakikunja vizuri, akaniwekea mezani. Upole ule uliniuma kuliko kama angenitukana.

"Haidhuru," nikasema. "Nyumba ni ya mama. Wewe huna ubavu wa kuiuza, na mama hatakubali hata wamletee mwezi kwenye sinia."

Dada akarudi kwenye vitana vyake.

"Mama ameshakubali."

"Mwongo."

"Kamuulize."

Yule mama chini ya drayer alinyanyua kichwa, akaniuliza kwa sauti kubwa kama nywele zangu ni za kwangu. Huyo ndiye shahidi pekee niliyekuwa naye wa maneno yote yale.

Nilirudi nyumbani nusu nakimbia, nusu nalia, na watu wakinipisha njia. Kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nitapiga magoti kwa mama, nitamweleza, atamwita Dada, atamkemea kama zamani, na mambo yataisha. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini nguo hufuliwa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Picha ya baba haikuwepo ukutani. Ilikuwa juu ya kitanda, imefungwa kwenye shuka.

"Mama, umeshusha picha ya nini?"

"Ili isivunjike."

"Mama, nisikilize. Dada ametuuza. Wale wageni wote siyo watalii, ni wanunuzi."

"Najua ni wanunuzi."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilikaa chini, pale pale kwenye zulia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akageuka. Nilitegemea kuona huruma. Nilichoona ni mtu aliyekasirika kwa muda mrefu mpaka hasira imezoea kukaa.

"Nikuambie wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nasubiri uniambie. Kila jioni niliuacha mlango wangu wazi. Nikisikia miguu yako nasema leo atakuja, atakaa hapa, atasema, 'Mama, nimechoka kukuuguza, nataka nikaanze maisha yangu.' Ningekuelewa. Mimi pia nilikuwa kijana. Unapita tu. 'Lala salama, mama.' Unapanda."

"Nimechoka kukuuguza? Nani kasema hivyo?"

"Dada yako. Alikuja hapa analia. Akasema umemwendea, umemwambia huwezi tena, atafute mnunuzi, lakini mimi nisijue kwamba wazo limetoka kwako. Akasema atanitafutia mahali, penye uangalizi, pasipo na ngazi."

Sikuwahi kusema hivyo. Niwaapie kwa lipi ili mniamini? Sikuwahi hata kuliota.

"Mama, amedanganya! Kwangu alificha, kwako akazua. Haki ya Mungu, mimi sijui lolote!"

"Hujui lolote."

"Sijui!"

"Mwanangu, mimi miguu ndiyo mibovu. Masikio ninayo. Nyumba hii sauti inashuka na ngazi kama maji. Juzi yule mwanaume wa kofia alikuuliza, mkiwa pale nje ya mlango wangu, 'Chumba hiki cha mbele kikiwa kitupu kinafaa nini?' Ukamjibu nini?"

"Mama, alikuwa mgeni. Ameuliza, nimemjibu. Ni mchezo wa kazi, tunawaambia watu wafikirie—"

"Ulimjibu nini?"

"Duka la maua."

"Duka la maua," mama alirudia. "Ukasema kina mwanga mzuri wa asubuhi. Ukasema ukuta huu wa kitanda changu ukitolewa, pataonekana mpaka uani. Nilikuwa nimelala nyuma ya huo ukuta. Nikajiuliza, na mimi mtanitoa kwa nyundo au kwa mikono?"

Nililia. Nilimshika miguu, nikamweleza yote tangu mwanzo: kazi niliyofukuzwa, maneno ya Dada, mwiko wa kutouliza wageni, nukta nyekundu, Bi Cherehani juu ya gari la mizigo. Nilijieleza vizuri kuliko ninavyoeleza nyumba yoyote. Kasuku hajawahi kuongea hivyo.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ukaja kichwani kwangu, ukatulia hapo, na nikahisi unaanza kulegea. Nakwambieni nilihisi. Alikuwa karibu kuniamini.

"Basi tumwite dada yako," alisema. "Aseme mbele yako."

Hatukuhitaji kumwita. Kengele ya mlango ililia, nikafungua, na Dada alikuwa pale kwenye ngazi za mawe. Hakuwa peke yake. Kofia alikuwa naye, kofia mkononi, na yule mwanamke wa miwani nyuma yao.

Waliingia chumbani kwa mama, wakajaza chumba. Sikuwasubiri wakae.

"Dada, mwambie mama ukweli. Mwambie hukunieleza chochote. Umekiri saluni, hata saa nzima haijapita."

Dada alinitazama kwa huruma. Huruma yenyewe ilikuwa imepigwa pasi.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "si tulikubaliana? Ulisema mwenyewe kwamba ukianza kuogopa, nikusaidie usirudi nyuma."

"Nani? Lini? Wewe mwanamke, unamdanganya mama mbele yangu?"

"Ona, mama. Nilikwambia atakana. Anaona aibu."

Nilimgeukia Kofia. Yeye hakuwa na ugomvi na mtu, na saa ile nilimwona kama mkombozi.

"Bwana, wewe umesema mlangoni. Uliniuliza, 'Dada yako hakukwambia?' Mwambie mama ulivyoniuliza!"

Kofia aligeuzageuza kofia yake vidoleni. Alikuwa mtu mwaminifu, na huo ndio uliokuwa msiba wangu.

"Niliuliza hivyo, ni kweli," alimwambia mama. "Alionekana ameshtuka. Ila siwezi kuapa kwamba alikuwa hajui, mama. Alituonyesha kila kitu kwa hiari yake. Tulipochelewa kufika mara ya kwanza, alitufuata mpaka kona. Alituambia mtu akiichelewesha nyumba kama hii atajuta."

Hayo niliyasema. Ndivyo ninavyowaambia wageni wote wanaochelewa ziara, ili waharakishe waione nyumba kabla giza halijaingia.

Mama aliondoa mkono kichwani kwangu. Aliupangusa kwenye kanga yake, kama mtu aliyeshika kitu chenye mafuta.

"Mama," nilisema. "Mama, niangalie."

Hakuniangalia. Alimwangalia Kofia.

"Nauza," alisema.

"Mama!"

"Nauza, lakini nina sharti langu."

"Sema, mama," Kofia alijibu. "Tutalitimiza tukiweza."

"Huko ninakohamishiwa, dada yake atanipeleka." Akaninyooshea fimbo yake bila kugeuza shingo. "Huyu asiambiwe ni wapi."

Kofia alifungua mdomo, nadhani alitaka kukataa, nadhani hata yeye lilimshinda sharti lile.

"Tumekubali, mama," Dada alimuwahi. Kisha akapita mbele yangu, akamshika mama mkono, akamwinua kitini.